Usikiri, Nilikwambia

Mdogo wangu Idrisa,

Najua ulimwagiza Zaituni aniambie nisikupigie simu kwanza. Sikupigii. Lakini kuandika hukukataza, na unanijua dada yako, nikiona upenyo mdogo sikosi kuingiza kichwa. Barua hii Zaituni atakuletea siku ya kukutembelea. Nakala yake nimeiweka kwenye kundi letu la simu, lile la Waswahili wa Yeoville hapa Johannesburg, ili aisome kila aliyewahi kunijia mlangoni kuniuliza mambo ya mahakama. Nilipokuwa najisifu walinisikia wengi. Basi na leo wanisikie.

Kwanza, nimekukumbuka. Nalisema mapema, maana nikishaanza maelezo sinyamazi. Nimekukumbuka kwa namna ya kijinga kabisa. Nimekumbuka ulivyokuwa unajifungia bafuni nusu saa na majirani wa ghorofa nzima wanagonga mlango. Nimekumbuka mikono yako iliyonukia mafuta ya nywele hata ukishika mkate, mpaka mkate wenyewe ukanukia. Juzi nilipita kwenye ile saluni ulikokuwa unasuka, nikasimama nje kama mteja asiyejua anataka mtindo gani, mpaka mwenye saluni akatoka akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, nikaenda zangu.

Unakumbuka ulivyohamia Yeoville? Ulikuwa umepanga Alexandra, chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya watu, na kila Jumapili nilikuwa nakupigia kelele uje kukaa kwangu. Ukasema kwangu kuna sheria nyingi. Zilipoanza zile fujo za kuwafukuza wageni, nilishinda nimesimama kwenye taa za barabarani, pale kwenye robot kama tunavyoita huku, kila anayetokea namtazama miguu kwanza, maana mwendo wako naujua. Ulitokea alasiri, umeshika pasi ya umeme, waya wake unaburuta chini. Huna begi wala nguo ya kubadili. Nikakuuliza umebeba pasi ya nini. "Nilikuwa napiga pasi, Dada," ukanijibu, kana kwamba hayo ni maelezo ya kutosha. Ulipita katikati ya watu wanaokutukana na kukurushia mawe, mkononi una chuma, na hukumpiga mtu. Nilipokuuliza kwa nini hukujitetea nayo, ukasema ilikuwa bado ya moto, ungemuunguza mtu bure.

Huyo ndiye Idrisa ninayemjua. Nataka wanaosoma barua hii wamjue kabla sijafika kwenye lile ghala ulikokuwa unafanya kazi Uingereza.

Kwa wasionijua, mimi ni mkalimani wa kuitwa. Mahakama ya hapa ikipata mshtakiwa au shahidi anayejua Kiswahili tu, hunipigia simu, nami nasimama kando yake. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani hasemi "anasema aliiba". Anasema "niliiba", kwa sauti yake mwenyewe, kana kwamba ni yeye. Wewe siku zako za mapumziko ulikuwa unakuja kukaa benchi la nyuma unanitazama, na tukirudi nyumbani unanianza. "Leo umeiba mara ngapi, Dada? Na yule mume uliyemchoma kisu, hajambo?" Nilikuwa nakufukuza na mwiko huku nacheka. Sijapata mwingine wa kunitania kwa kazi yangu. Watu wote hapa wananiita Mama Mkalimani na wananivutia kiti.

Tatizo ni kwamba nilisimama kizimbani miaka mingi hadi nikaanza kujiona hakimu. Nimeona kesi nyingi zikifa zenyewe. Shahidi amehamia Durban na namba yake haipatikani. Jalada halionekani. Mlalamikaji amechoka kuomba ruhusa kazini kila mwezi. Kesi inaahirishwa mara nne, mara ya tano hakimu anaitupilia mbali. Aliyekiri siku ya kwanza kwa woga yuko gerezani, na mwenzake mwenye kosa lilelile, aliyekana, anakuja kula pilau kwangu. Nikajitungia kanuni, nikawa naigawa Yeoville nzima kwa kila anayeniuliza na asiyeniuliza: usikiri.

Siku unaondoka kumfuata Zaituni Uingereza, yeye ameshapata kazi ya kuhudumia wazee na wewe unamfuata kama mume, nilikuandikia orodha ya mambo kumi na moja ya kuzingatia. Ukasimama nayo pale uwanja wa ndege ukaisoma kwa sauti yangu ya mahakamani, kidole juu, mpaka mzee mmoja kwenye foleni akakupigia makofi. Lilikuwemo la kuvaa soksi mbili. Lilikuwemo la kutowaamini majirani wanaotabasamu sana. Nilicheka mpaka nikasahau kulia, nikaja kulia kwenye teksi narudi, na dereva akapunguza muziki kwa heshima. Ni miaka saba sasa. Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kukushika.

Sasa nifike kwenye ile simu.

Ulinipigia ukiwa kwenye ukumbi wa mahakama ya huko, siku ya kwanza kabisa ya kesi. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Ulisema polepole, "Dada, nimempiga mtu kazini. Ni kweli nimempiga." Ukanieleza habari za mwenzako wa ghalani ambaye kwa wiki nyingi alikuwa anakufichia msala wako wa kuswalia, na siku hiyo ukamkuta ameufutia viatu. Ulimtandika na chupa ya chai, ile ya chuma, mara moja, taya likavunjika. Ukasema wakili amekueleza kwamba huko ukikiri mwanzoni kabisa unapunguziwa theluthi ya adhabu, na kadiri unavyochelewa ndivyo punguzo linavyokuwa dogo. Ulikuwa umeshaamua. "Nimefanya, Dada. Nikiri tu yaishe."

Nami nikakujibu na maharage mkononi. "Usikiri. Huyo hatakuja. Mashahidi hawaji, Idrisa. Nazijua mahakama."

Nilisikia watu wanapita nyuma yako, viatu vyao vinalia sakafuni. Kisha ukasema, "Haya, Dada."

Hukubisha hata kidogo. Nilikulea tangu baba alipofariki, ukiwa na miaka tisa na mimi ishirini, na neno nililokuzoesha kuliko yote ni hilo la haya. Nilikata simu nikaendelea na maharage. Nilijisikia vizuri, Idrisa. Nilijiona nimemwokoa ndugu yangu kutoka upande wa pili wa dunia.

Siku ya kusikilizwa kesi, yule mtu alikuja. Alikuja mapema, na wenzake wawili, na picha za kamera ya ghala. Hakuna jalada lililopotea. Wakili akakuvuta pembeni, ukakiri asubuhi ileile kabla shahidi hajaapishwa. Theluthi ilikuwa imeshakwenda. Kwa aliyengoja mpaka siku yenyewe, punguzo ni sehemu moja ya kumi.

Wakili wako alinitumia maneno ya jaji yakiwa yameandikwa, kwa ruhusa yako. Nikayafasiri yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwenye daftari langu la kazi, ingawa hakuna aliyeniomba. Sijui kuelewa kitu mpaka nikitie kwenye Kiswahili. Nilitarajia kukutana na mtu mkali anayekuchukia. Nikakuta mtu anayefikiri kwa sauti ili wewe na yule uliyempiga msikie alivyofika alikofika, hatua kwa hatua.

Alianza na mambo mawili: lawama yako ni kubwa kiasi gani, na madhara ni makubwa kiasi gani. Lawama akaiweka katikati, kwa sababu hukupanga na ulipiga mara moja, lakini ulipiga kwa chuma. Madhara akayaweka juu. Akasoma maelezo ya yule mtu mwenyewe, kwamba wiki kadhaa alikula kwa mrija, kwamba mwanawe mdogo alikuwa anaogopa kumtazama usoni. Hapo niliweka kalamu chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Miezi yote ile nilikuwa namwita "huyo". Sikuwahi kufikiri kwamba ana mtoto.

Mambo mawili hayo ndiyo yaliyompa jaji mahali pa kuanzia, mwaka mmoja na nusu. Hakuutoa kichwani mwake. Uko kwenye mwongozo ambao majaji na mahakimu wa Uingereza na Wales wanatakiwa kuufuata, na anayeuacha lazima aseme kwa nini. Kutoka hapo ndipo anapopanda au kushuka. Alipanda kidogo kwa sababu ulipiga mbele ya watu, kazini. Akashuka kwa sababu hujawahi kushtakiwa maishani, kwa sababu ya uchokozi wa ule msala, kwa barua ya imamu wenu, na kwa ajili ya binti yako Salma, ambaye hata baada ya wewe na Zaituni kutengana ulikuwa unakaa naye kila Jumamosi. Akafika miezi kumi na tano. Mwisho kabisa ndipo akagusa kukiri kwako. Sehemu ya kumi ya miezi kumi na tano ni mwezi mmoja na nusu. Ikabaki kumi na mitatu na nusu.

Niliirudia hesabu hiyo kwenye ukingo wa daftari. Theluthi ya kumi na tano ni mitano. Ingebaki kumi. Wakili anasema kwa miezi kumi, na majuto yaliyoonekana mapema, pengine jaji angekupa kifungo cha nje. Hilo ni pengine. Lisilo na pengine ni kwamba sheria yao inamtaka mgeni aliyefungwa mwaka mzima au zaidi arudishwe kwao, isipokuwa awe na sababu nzito ya kubaki. Miezi kumi iko chini ya mwaka. Kumi na mitatu na nusu iko juu. Kilichokutoa chini kukupeleka juu ni simu yangu ya dakika nne.

Sasa umemaliza sehemu yako ya gerezani. Ungekuwa umeshatoka, unamalizia muda wako nje kwa masharti. Badala yake watu wa uhamiaji wamekushikilia mpaka waamue. Na hapa nina jambo jingine la kukiri, ambalo jaji wako hakulijua.

Niliposikia kwamba huenda ukarudishwa, nilifurahi.

Sikufurahi kidogo, mdogo wangu. Niliimba jikoni. Chumba chetu kipo vilevile, na lile pazia la katikati ulilolifunga mwenyewe, upande mmoja juu upande mwingine chini, sijawahi kulinyoosha. Nililishusha nikalifua. Nikaanza kukupangia safari. Wangekushusha Dar, ungepumzika siku mbili, ungepanda basi upite Zambia na Zimbabwe, na mimi ningekuwa nimesimama Park Station tangu alfajiri ukishuka na miguu imevimba. Nilishaamua hata siku ya kwanza utakula nini. Nikamwita Mama Furaha, jirani yangu wa Bukavu, aje anisaidie kugeuza godoro lako.

Tulikuwa tumelishika huku na huku. Akaniuliza, "Anakuya lini?"

"Hawajaamua bado," nikamwambia. "Lakini atakuja tu."

Akaliachia upande wake. "Na ule mtoto?"

"Mtoto ana mama yake."

"Niliuliza baba," akasema. "Ule mtoto iko na baba mumoja tu. Weye uko na siye bote huku. Yeye atabakia na nani?"

Nikamwambia mambo ya ndugu zangu hayamhusu. Akafuta mikono kwenye kanga akaondoka, na godoro likabaki limeegemea ukuta siku tano, nalipita kila ninapokwenda jikoni.

Jumamosi Zaituni alinipigia kwa video nimwone Salma. Kiswahili chake ni shangazi na shikamoo, mengine yote ni Kiingereza. Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani. Zaituni anasema hakubali kusukwa na mtu mwingine, anasema Jumamosi ni ya baba. Nikajitia kusema kwamba mimi nitamwelekeza mama yake mistari kwa simu, ni rahisi tu. Akanitazama kwa yale macho yako, yale uliyokuwa ukinitazama nayo ninaposema najua. Kisha akaniuliza, "Baba anakuja kwako au kwangu?"

Kazi yangu mimi ni maneno. Natoa ya huyu nampa yule, sijawahi kukwama mbele ya hakimu hata siku moja. Nikamwambia mtoto wa miaka sita kwamba mtandao unakatika. Haukukatika. Nilikata mimi.

Wiki hiyohiyo wakili akaniandikia. Anataka maelezo yangu ya kiapo kwa ajili ya ombi lako la kubaki: ukirudishwa, kuna wa kukupokea, na utaishi wapi. Nilikaa na swali hilo mezani muda mrefu. Ningeandika sentensi moja tu nikakupata. Nafasi ipo, kitanda kipo, mleteni. Wala nisingekuwa nimesema uongo.

Nimeandika hivi. Kwamba tangu mama afariki, nyumba ya Tanga ina watu wengine na hakuna anayekungoja kule. Kwamba mimi niko Johannesburg na kitanda chako ninacho, sikukificha. Kwamba siku ya kwanza ulitaka kukiri, na mimi ndiye niliyekukataza, kwa kujifanya naijua mahakama ambayo sijaona hata mlango wake. Kwamba kuna mtoto hasukwi mpaka baba yake aje. Na kwamba mimi, dada yake, niliye tayari kumpokea leo hii, naomba asiletwe kwangu.

Sijui kama yatasaidia. Wakili hakuniahidi kitu, na mimi nimeacha kuahidi watu mambo ya mahakama. Ninyi wa Yeoville mnaosoma hapa, mkija kwangu tena nitawafasiria mnachokisema, lakini ushauri nendeni kwa wakili.

Nisamehe, Idrisa. Nimechelewa kukiri, na kwa taratibu za huko punguzo la aliyechelewa ni dogo. Nitapokea hilohilo. Usipotaka kunipigia mwaka huu, sawa. Usiponipigia mwakani nitaumia, lakini sitamtuma Zaituni akushawishi, na unajua ilivyo kazi kwangu kutomtuma mtu.

Jana nilipeleka maelezo kituo cha polisi, maana hapa nchini kiapo hupigwa muhuri polisi. Askari wa kaunta alikuwa mama wa umri wangu, miwani imeshuka puani. Kwa kawaida hawasomi, wanapiga muhuri tu. Huyu akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi kwenye mstari wa mwisho akauwekea kidole. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

"Eish, Mama," akasema. "Kwa hiyo humtaki mdogo wako?"

"Namtaka," nikamwambia. "Piga muhuri."

Akapiga.

Baki huko, mdogo wangu, na ubaki salama.

Ni mimi dada yako,
Rehema